Nimehamishiwa Kyela, na mbwa wangu ana koti la Mufindi

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 43, naishi Mufindi na mke wangu na watoto wetu wawili. Jina langu naomba ulifiche.

Miaka mitatu iliyopita, bwana na bibi mmoja kutoka Ufaransa waliokuwa na kazi ya kilimo huku kwetu walimaliza mkataba wakarudi kwao. Yule bibi nilikuwa namfundisha Kiswahili jioni. Mbwa wao hawakuweza kurudi naye, wakaniomba nimchukue. Nilikubali palepale, nimesimama getini, hata nyumbani sikupiga simu kuuliza. Nikawaambia, "Nitamtunza kama wangu." Yule bibi alilia. Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Mbwa mwenyewe si hawa tuliowazoea. Ni mbwa wa kuchungia kondoo, aina ya Briard, asili yake Brie, mashariki ya Paris. Nimempima kwa rula ya ubaoni, begani ana sentimita 66. Kwenye mizani ya mahindi alifika kilo 38. Manyoya yake ni marefu kama ya beberu, rangi ya ngano iliyokauka, yanamfunika macho, yana ndevu, yanashuka mpaka kwenye kucha. Miguu ya nyuma, kila mmoja una vidole viwili vya ziada kwa ndani. Jirani aliniambia nivikate kwa kuwa vinaleta mkosi, nikamweleza kwamba hiyo ndiyo alama ya ukoo wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Ufaransa lilitumia mbwa hawa kupeleka ujumbe na kutafuta majeruhi. Nimewasimulia hayo wanafunzi wangu wa darasa la sita. Jina lake ni Gaspard, watoto wanamwita Gasipa.

Hapa kwetu anaishi kana kwamba amezaliwa hapa. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka mpaka madirishani na sisi tumevaa masweta mawili mawili, yeye analala barazani kwa hiari yake. Alfajiri analizunguka shamba letu la mahindi. Anatembea mpakani tu, ndani hakanyagi, na hakuna aliyemfundisha. Wanafunzi wakitoka mapumziko saa nne alikuwa akiwakusanya. Sitanii, anawazunguka mpaka wanabaki kundi moja katikati ya uwanja, na anayechomoka anasukumwa kwa bega. Mwaka jana alimbana kisigino mtoto wa darasa la kwanza. Damu haikutoka, lakini mzazi alikuja juu, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo saa za masomo anabaki nyumbani.

Kazi yake ni manyoya. Hayapukutiki ovyo kama ya mbwa wengine, yaliyokufa yananasa humohumo, na usipoyachana siku tatu yanashikana kama jamvi. Akitoka matembezini anarudi na kishona nguo, matope, na majani ya misonobari yale kama sindano. Kila Jumamosi natandika mkeka barazani, namlaza ubavu, nampulizia maji kidogo, halafu namchana tabaka kwa tabaka kuanzia tumboni kupanda mgongoni, mpaka nione ngozi. Saa tatu zinakwisha. Katikati ya wiki saa moja nyingine. Binti yangu wa miaka tisa kazi yake ni masikio, kwa sababu vidole vyake ni vyembamba na Gasipa hamnung'unikii. Wapita njia husema, "Mwalimu anasuka." Nimezoea. Mke wangu naye hutania. Siku moja alisema mbele ya wageni, "Ndoa mwaka wa kumi na nne huu, mimi hajawahi kunifumua hata msuko mmoja." Tulicheka sana.

Anakula. Unga wa dona kilo tatu ni wa siku nne, weka na dagaa na vichwa vya samaki. Mke wangu hulalamikia unga, si sana. Mwaka jana nikiwa mbali kwenye kusahihisha mitihani aliugua homa ya kupe usiku, mke wangu akakesha naye na kumwamsha ofisa mifugo saa tisa, akapona.

Sasa shida yenyewe. Mama mkwe yuko Kyela, ana kisukari, mguu mmoja haumbebi tena. Kwa upande wa watoto wa kike ana mke wangu tu. Miaka miwili iliyopita mke wangu aliniomba niandike kuomba uhamisho. Niliandika, na nikuambie ukweli, niliandika kwa kuwa nilidhani hautakuja. Umekuja. Natakiwa kuripoti Januari. Barua niliipokea siku tisa zilizopita, iko ndani ya daftari la maandalio ya Sayansi. Mke wangu hajui.

Kyela unaijua, Mama. Desemba tulikwenda kusalimia, mchana shati linakugandia mgongoni, usiku hakuna nafuu. Mbwa nilikuwa nimemwacha Mufindi na bado nilitembea kule nikimfikiria yeye. Jamaa yangu anasema nimnyoe kipara, yaishe. Kuna mzee wa Makete, mfugaji wa kondoo, hutuletea viazi vya shule. Kila akija anamtazama Gasipa anavyotembea, na mwezi uliopita aliniambia, "Mwalimu, ukichoka nipe mimi." Shemeji yangu wa Tukuyu mwenye ng'ombe wa maziwa kazi yake ni utani: "Mhehe na mbwa wake! Mlete huku nikutunzie kabla hujamtia chumvi." Mdogo wangu yuko Mafinga ila ni dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani.

Nimefikiria pia kuomba uhamisho usitishwe. Barua nimeshaianza. Mahali pa sababu nimeandika "matatizo ya kifamilia".

Najua watu watasema mbwa tu huyo. Lakini niliahidi. Ana miaka sita, na kwa aina yake akijaliwa anaweza kuishi sita mingine. Nifanye nini?

Mwalimu, Mufindi

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Mbwa sikuweza. Mufindi nzima, mbwa wa kilo 38 mwenye ndevu na vidole vya ziada, anayechanwa Jumamosi na mwanamume mwenye chaki mfukoni, nadhani yuko mmoja. Ndiyo maana kabla ya kuchapisha nilikutumia ujumbe kukuuliza kama umelifikiria hilo. Ukanijibu, "Chapisha tu Mama, ila nipe wiki moja." Nimekupa mbili. Sijui umezitumiaje, kwa hiyo nakuandikia kana kwamba ile barua bado iko kwenye maandalio ya Sayansi. Kama imeshatoka, utaniruka hapo.

Nikikusoma vizuri, ulitoa ahadi mbili. Moja uliitoa getini kwa bibi wa Kifaransa, kwa sauti, akalia. Nyingine uliitoa nyumbani, kimya kimya, ulipotia saini fomu ya uhamisho mkeo akiwa anakutazama. Zimekaa miaka bila kugusana. Sasa zimekutana mlango mmoja, na wewe umesimama katikati umeshika kitana.

Nianze na joto, maana hilo lina majibu. Nilizungumza na daktari wa mifugo kabla ya kukuandikia, na cha kwanza alichokataa ni kile kipara. Manyoya ya mbwa kama Gasipa yana tabaka mbili, la nje refu na gumu, la ndani laini kama sufi. Yakiwa safi na yamechanwa, hewa inapita katikati, na lile la nje linakinga jua lisifike kwenye ngozi. Ukimnyoa mpaka ngozi unamwondolea kivuli chake mwenyewe, anaungua, na nywele zikirudi huenda zikarudi vibaya, zimechanganyika, zinashikana kuliko mwanzo. Kinachompikia mbwa joto ni yale yaliyoganda jamvi, hayo hayapitishi kitu. Kumpunguza tumboni, kwapani na katikati ya vidole kunasaidia, kwa sababu hapo ndipo anapojilaza kwenye sakafu ya baridi. Kumpunguza mwili mzima kwa mkasi, abaki na urefu wa vidole vitatu hivi, nako kunawezekana. Atapoteza uzuri. Sidhani kama yeye atajali.

Lakini usinielewe kwamba nakupunguzia Kyela. Mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe na lile shati lako. Anapoa kwa kuhema, ulimi nje, maji yanakauka mdomoni na kuondoka na joto. Hewa ikiwa imejaa unyevu, hayo maji hayakauki haraka, anahema bure. Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, wewe uko juu ya mita 1,800, na ile ni nchi ya mvua nyingi. Kwa hiyo hofu yako ina msingi. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39. Likivuka 41 ubongo na figo vinaanza kuumia, na hufika huko haraka akikimbia na watoto saa saba mchana. Utamwona ulimi umekuwa mwekundu mzito, mate yanavutika kama ute, anapepesuka. Hapo ni kivuli, maji ya kawaida tumboni na miguuni, kumpepea, na kutafuta daktari. Wala usimfunike taulo bichi ukaliacha juu yake, linageuka blanketi la mvuke.

Wapo mbwa wengi Kyela, wengine wanene tu. Kinachobadilika ni ratiba. Huko atatembea saa kumi na moja alfajiri na usiku, mchana atalala kwenye saruji. Kupe watakuwa kazi ya kila siku, na kwenye manyoya yale kupe mmoja anaweza kujificha wiki nzima nyuma ya sikio. Homa ile iliyomkamata mwaka jana inaweza kurudi. Binti yako na vidole vyake vyembamba atakuwa na ajira ya kudumu.

Mbona unafikiria lazima aende Januari? Wewe unaripoti Januari. Yeye hana barua. Unaweza kutangulia, ukatafuta nyumba yenye sakafu ya saruji na mti uani, yeye akafuata mwezi wa sita Kyela ikiwa imepoa, akaanza kuizoea kutoka upande wa baridi. Miezi hiyo mitano akae wapi ndilo swali, na mdogo wako wa lori tusimhesabu. Na siku ya safari, msipite Igawa na Chimala mchana mmemfungia nyuma ya kirikuu. Usiku. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa usikiache, na muulize ofisa mifugo karatasi nyingine za safari mapema.

Yule mzee wa Makete amenifikirisha. Ulieleza jinsi Gasipa anavyotembea mpakani mwa mahindi ukashangaa nani kamfundisha. Jibu liko kwao. Brie ni nchi ya mashamba mapana ya nafaka, na zamani hayakuwa na uzio. Kazi ya mbwa hawa ilikuwa kutembea siku nzima kwenye mstari kati ya kondoo na mazao, yeye mwenyewe ndiye uzio. Mzee anayelala na kondoo kando ya viazi vya watu, akiona mbwa anatembea hivyo, haoni kichekesho. Anaona mfanyakazi. Wewe ulimwona anamkodolea mbwa wako macho, mimi nadhani alikuwa anafanya hesabu.

Na baridi ya Makete ni zaidi ya yako. Kwa mwili wa Gasipa pale ni nyumbani kuliko hapo ulipo. Ila uende na macho mawili. Ana miaka sita na pengine hajawahi kumwona kondoo wa kweli. Kubana visigino vya darasa la kwanza hakumfanyi mchungaji, anaweza kuwatawanya au kuwauma. Uombe siku mbili tatu za majaribio, wewe ukiwepo. Umuulize mzee nani atamchana, na usitegemee jibu la saa tatu kila Jumamosi. Huenda atamkata kwa mkasi wa kondoo mara moja kwa mwaka, basi. Umwambie asimpe vichwa vibichi vya kondoo waliochinjwa au kufa, maana kuna tegu anayekaa kwenye utumbo wa mbwa na mayai yake yakishaangukia malishoni yanawaletea kondoo kile kizunguzungu, mnyama anazunguka upande mmoja mpaka anaanguka. Mbwa apewe dawa ya tegu kwa ratiba. Na siku ya kuwachoma kondoo sindano ya minyoo, asimchome na mbwa kwa bomba lilelile. Baadhi ya koo za mbwa wa kuchunga zinarithi kasoro inayoiruhusu ivermectin, mojawapo ya dawa hizo za minyoo, kuingia kwenye ubongo, na dozi ya kondoo inaweza kuwaua. Ukoo wa Gasipa si wa kwanza kutajwa hapo, lakini usikubali ajaribiwe yeye.

Shemeji wa Tukuyu umempa mstari mmoja na kicheko. Nimemrudia mara tatu. Mtu ana ng'ombe wa maziwa, ana uwanja, yuko milimani kwenye baridi, yuko njiani mwa safari zako zote za Kyela, ni kaka wa mkeo, na amesema "mlete huku". Ndiyo, kasema kwa utani, tena utani ule wa kula mbwa ambao ninyi Wahehe mmeshauchoka. Lakini wewe umeishi na mashemeji miaka kumi na minne. Utani wa shemeji mara nyingi ndiyo njia yake ya kuomba bila kuonekana anaomba. Huenda nimekosea, na huenda anataka kweli kukucheka tu. Kuna na hatari nyingine, kwamba Gasipa atageuka deni la kifamilia: shemeji anamlisha, wewe unachelewesha hela ya unga, mkeo anabaki katikati. Hilo mlizungumze kabla ya mbwa kushuka kwenye gari. Na usiache kumwambia shemeji kwamba mbwa mkubwa wa kifua kirefu halishwi sinia moja mara moja kwa siku halafu akaachiwa akimbie. Agawiwe mara mbili, apumzike akishakula. Tumbo likijaa hewa likajipinda, akawa anataka kutapika na hakitoki kitu, hiyo ni dharura ya saa chache, tena saa chache kweli.

Sasa ile ahadi. Niisome tena ulivyoiandika: "Nitamtunza kama wangu." Sikuona mahali uliposema hatatoka mkononi mwako. Sikuambii hivi ili nikupe upenyo wa kumtoa, upenyo huo huenda hutautaka. Nauliza tu, ulipokuwa umesimama pale getini, ulikuwa unamwahidi yule bibi kitu gani hasa? Kwamba mbwa hatapata tabu, au kwamba wewe hutafanya walichofanya wao? Maana wao nao walimpenda, na wao nao walikuwa na safari. Kama ni la kwanza, Makete, Tukuyu na Kyela yenye mti uani zote zinaweza kulitimiza kwa namna yake. Kama ni la pili, basi mbwa siye mwenye shida kubwa hapa, na joto la Kyela si mwisho wa mambo.

Mwalimu, usinikasirikie kwa hili linalofuata. Nilihesabu. Gasipa umempa sehemu kubwa ya barua. Ninajua begani ana sentimita ngapi, ninajua ukoo wake mpaka vita ya 1914. Mkeo simjui umri wala kazi. Mama yake, mwenye mguu usiombeba, ana mistari miwili. Sisemi humpendi mkeo. Mtu huandika kwa urefu lile analoweza kulieleza, na lile zito hulipitia mbio. Ila tazama hayo machache uliyoyaandika juu yake. Moja ni utani wa msuko. Ulisema mlicheka sana. Nimejiuliza kama yeye naye alicheka kama wageni walivyocheka. Saa tatu za Jumamosi, mtu ameketi kwenye mkeka, anaachanisha fundo moja baada ya jingine, havuti, hana haraka, haangalii simu. Mwanamke akiuona uvumilivu huo ndani ya nyumba yake kila wiki, anajua kwamba unao. Mimi ningetania vilevile, na ndani ya utani ningeweka kitu.

La pili ulilitupa kama jambo dogo: alikesha na mbwa, akamwamsha ofisa mifugo saa tisa usiku. Wewe hukuwepo, hakuna aliyemwona, na angeweza kulala, asubuhi akakupigia simu ya pole. Barua yako yote umemweka mkeo upande mmoja na mbwa upande mwingine, halafu ukaandika mstari huo. Una hakika hizo pande zipo? Mimi naona hujawahi kumuuliza. Siku ya getini hukupiga simu nyumbani, na siku ya barua hukufungua daftari. Inawezekana kabisa kwamba akiijua Kyela imetoka atafurahi, halafu jioni hiyohiyo aulize mwenyewe, "Sasa Gasipa tunamfanyaje?" Inawezekana pia aseme amechoka na dona na kupe na aanze upya bila mbwa, na hilo utalazimika kulisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Sijui lipi. Wewe pia hujui, na hilo ndilo linalokukosesha usingizi, zaidi ya nyuzijoto za Kyela.

Ile barua ya kusitisha uhamisho usiitume wiki hii. Sisemi usiitume kabisa. Zipo sababu za mtu kubaki Mufindi ambazo si aibu, na huenda mkiketi wawili mkaona mama aletwe huku, au mkeo atangulie kwanza. Lakini umeandika "matatizo ya kifamilia" kwenye karatasi ambayo familia haijaiona. Ikienda ikakubaliwa, mama mkwe akazidiwa mwezi wa pili, na siku moja mkeo akafunua maandalio ya Sayansi akitafuta kalamu, hapo utakuwa unaeleza jambo jingine kabisa, na Gasipa ndiye atakayebeba lawama kwa miaka yake sita iliyobaki. Na ukiamua kunyamaza tu mpaka Desemba, nao ni uamuzi, hata kama hauna saini.

Nadhani mwenyewe unajua kwa nini ulinieleza vidole vya ziada vya mbwa huku ukitaka jina lifichwe. Kuna watu hupeleka siri kwa rafiki mwenye mdomo mpana kwa sababu kuisema wenyewe kunawashinda. Mimi nimekubali kuwa huyo rafiki, lakini ningependa umtangulie gazeti, japo kwa nusu saa.

Kama unatafuta wakati, Jumamosi si mbaya. Tandika mkeka. Mwambie binti ashike masikio, mwombe mama yake akae upande wa mgongo, pale palipo na mafundo ya kishona nguo, mpe kile kitana kingine. Mikono ikiwa na kazi mdomo husema kwa urahisi, na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Daftari liwe karibu.

Kisha mniandikie. Safari hii barua aiandike yeye, nami nitaichapisha hata ikiwa ya mistari sita.